Mahali pa Kuweka Pua ya Lori

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kunionyesha gari alilonunua, moja ya yale magari makubwa yenye bomba jeusi linalopanda kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa. Akanieleza kwa fahari kwamba bomba lile ni la kuvuta hewa baridi na safi, kwamba injini ikipata hewa ya namna hiyo inapata nguvu, na kwamba haya ni mambo ya kisasa. Nikamwacha aseme. Kisha nikalisogelea lile bomba, nikainua shingo, nikanusa. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta majani. Akamtazama mama yake kwa jicho la kuuliza kama bibi bado yuko sawa.

Niko sawa kabisa. Ni vile tu nilikuwepo wakati bomba la namna hiyo lilipowekwa kwenye lori kuukuu huko Mau Narok, na nusura mimi niwe sababu ya kuling'oa. Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya Wazungu mtanielewa. Vijana na wasome, wakitaka.

Shamba letu, nasema letu kwa mazoea tu maana halikuwa letu hata kwa upana wa kiganja, lilikuwa la ngano na pareto, na lilikuwa juu kiasi kwamba nguo zilizoachwa kwenye kamba jioni zilikutwa asubuhi zimeganda, suruali imesimama bila mtu ndani. Mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu mkimya ambaye wafanyakazi walimwita Kibiriti, kwa sababu kiko chake kilizimika kila baada ya maneno mawili na siku nzima alikuwa anakiwasha. Baba alikuwa dereva wake. Lori lilikuwa limetoka vitani, rangi ya kijani iliyochunika, na Baba alilisemesha kila asubuhi kabla ya kulipiga hendeli. Alilisalimu vizuri kuliko alivyowasalimu baadhi ya shemeji zake.

Kwangu mimi lori lile lilikuwa shule. Shamba halikuwa na darasa. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Njoro, nikisoma huko, na Jumatatu Baba aliniteremsha na magunia ya pareto, Ijumaa akanipandisha na mzigo wa kutoka stesheni ya Nakuru. Kwa miguu ni safari ya siku nzima, ya kupita kwenye misitu ambayo miaka ile hakuna mzazi mwenye akili aliyemwacha mtoto apite peke yake. Kwa hiyo nilijua hesabu hii kabla sijajua hesabu nyingine yoyote: lori likienda, nasoma, lori likisimama, nachunga ndama.

Na lori likaanza kusimama. Likitoka Njoro likianza kupanda lilikohoa, likapungua nguvu, likatetemeka, na mwisho Baba aliliweka kando ya njia na kufungua boneti ili lipumzike. Kibiriti alivumilia mara tatu. Mara ya nne alisema kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi atapanda mwenyewe na lori likiwa na mbolea tele kutoka stesheni. Likifika juu bila kusimama, vyema. Lisipofika, ataliuza na kuleta trekta lenye dereva wake, na Baba atarudi kulima na maksai, kazi aliyoiacha kabla mimi sijazaliwa.

Baba akalipeleka kwa fundi mmoja Kalasinga mjini Nakuru, mzee mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na mikono isiyotoka oili. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Fundi aliingiza mkono ndani ya boneti pale injini inapovutia hewa, akautoa upesi akiupuliza. Hewa yote iliyoingia kwenye injini ilikuwa imekwisha kupikwa na rejeta na bomba la moshi, na juu ya hayo ilikuwa imejaa vumbi la njia ile, ambalo wakati wa kiangazi hufika kwenye kifundo cha mguu.

"Gari kama mtu tu," alimwambia Baba. "Wewe natia pua yake ndani ya jiko, halafu nashangaa gari nakohoa. Taka hewa baridi. Tafuta mahali ya baridi, mahali hakuna vumbi, weka pua huko."

Baba akafurahi sana. Mimi nilirudi nyumbani na mzigo moyoni, na hapa lazima mumjue mama yangu. Mama alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni hewa baridi. Hatukuruhusiwa kutoka asubuhi bila kitambaa puani. Hatukuruhusiwa kucheka mbele ya mlango ulio wazi. Aliyepatikana akikimbia mdomo wazi kwenye umande alivutwa sikio kwanza, kisha akafunikwa blanketi na kuinamishwa juu ya sufuria ya maji ya moto yenye majani ya mikalitusi, mpaka machozi, kamasi na dhambi zake zote zimtoke. Hewa baridi inaleta mafua, mafua yanashuka kifuani, na kifua ndicho kilichomwua mjomba. Hiyo ilikuwa imani ya nyumba yetu, sawa na ile ya kanisani. Sasa hapa alikuja mtu mzima mwenye ndevu, anasema gari ni kama mtu, na kwa hiyo livutishwe hewa baridi kwa makusudi. Nilimtazama Baba kuona kama ameliona kosa. Hakuliona.

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika kulizunguka lori, na kila mtu akawa na mahali pake pa kuweka pua. Kelele zilikuwa nyingi, lakini waliosikilizwa ni wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Kiprono, msimamizi wa ng'ombe, ambaye pia alikuwa akipakia na kupakua mizigo ya lori na hivyo alijiona fundi nusu. Yeye alitaka pua ikae mbele, chini, kwenye bampa. Baba alipomwambia anafikiria kuipandisha juu ya paa, Mzee Kiprono alisikitika.

"Umeona ng'ombe gani anapumua na pembe?" akauliza.

Watu wakacheka, na kwa muda ilionekana shauri limekwisha. Ng'ombe kweli hapumui kwa pembe. Lakini Mama, aliyekuwa amesimama nyuma akiwa amebeba mdogo wangu mgongoni, alisema kwamba yeye amefagia nyumba na ua tangu alipoweza kushika ufagio, na anachojua ni kwamba vumbi hukaa chini. Ndiyo maana watoto wakitembea na wakubwa njiani, wanaokohoa ni watoto. Kama lori linataka hewa isiyo na vumbi, basi liinue uso. Nilishtuka kumsikia. Mwanamke aliyenifunga kitambaa puani asubuhi ile ile alikuwa anaiombea injini hewa ya juu kabisa, ile inayotoka moja kwa moja kwenye mawingu ya Mau.

Baba hakutaka kumfedhehesha Mzee Kiprono mbele za watu, wala hakutaka kulala nje kwa ajili ya kumpinga mkewe. Akafanya jambo ambalo mpaka leo najivunia. Alichukua makopo matatu ya rangi ya viatu yaliyokwisha, akaweka donge la siagi katika kila moja, na kila kopo akalifungia kitambaa cheupe kilichochanwa kutoka kwenye mfuko wa unga. Moja akalifunga ndani ya boneti, pale pale pua ya zamani ilipokuwa. Moja kwenye bampa. Moja kwenye mlingoti wa fito juu ya paa. Siagi itasema habari za joto, alisema, na kitambaa kitasema habari za vumbi. Kesho yake shule ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, lori likashuka Njoro na kurudi bila mimi, na jioni tukakusanyika tena kusoma majibu.

Siagi ya ndani ya boneti ilikuwa maji. Siagi ya paani ilikuwa ngumu, na kitambaa chake ungeweza kukivaa kanisani. Kitambaa cha bampa kilikuwa kimekuwa udongo mtupu, na siagi yake haikuwepo kabisa. Mzee Kiprono alidai hiyo ni ishara nzuri, kwamba pale mbele upepo ni mwingi hata umebeba siagi. Lakini mbwa wa Kibiriti alikuwa amekaa karibu na gurudumu anajilamba pua, na watu wakamtazama yeye badala ya Mzee Kiprono.

Ndipo pua ikapanda. Baba alitumia kipande cha mfereji wa maji ya mvua, akakiunganisha na injini kwa tyubu ya gurudumu iliyofungwa na waya, akakipitisha kwenye ubavu wa kibanda cha dereva mpaka kikasimama juu ya paa. Mdomo wake ulitazama mbinguni. Alikusudia kuutengenezea kofia ya bati, lakini bati lilikuwa bado halijapatikana Ijumaa ya mwisho wa mwezi ilipofika.

Siku hiyo walinikuta kwenye uwanja wa stesheni ya Njoro saa tisa alasiri. Lori lilikuwa limejaa mbolea mpaka mbao za ubavuni zimetanuka. Kibiriti alikuwa amekaa mbele na Baba, amevaa koti refu na skafu nyekundu ya sufi iliyozungushwa shingoni mara mbili. Mzee Kiprono alikuwa juu ya magunia, amekuja kushuhudia pembe ikishindwa. Shangazi akanikabidhi. Halafu Kibiriti akaenda posta, Baba akaenda kutafuta maji ya rejeta, Mzee Kiprono akashuka kununua ugoro, na mimi nikabaki peke yangu juu ya mzigo.

Kutoka pale kwenye magunia, mdomo wa bomba ulikuwa mbele yangu kama kikombe mezani. Nikautazama. Juu ya Mau mawingu yalikuwa meusi na ukungu ulikuwa umeanza kuteremka, na upepo uliokuja ulipenya kwenye sweta yangu ukafika mbavuni. Nikaweka kiganja juu ya ule mdomo. Ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Moyo wangu uliniuma, nawaambia kweli. Lori lilikuwa limekohoa mwezi mzima, na sasa watu wazima wote, pamoja na Mama, walikuwa wamekubaliana kulitoa nje bila kitambaa. Lingekohoa njiani, Kibiriti angeliuza, na mimi ningechunga ndama. Na dawa ilikuwepo pale pale: mikalitusi ilipakana na uwanja mzima wa stesheni.

Nikashuka. Nikachuma majani machanga, nikayatwanga kwa jiwe juu ya reli mpaka yakatoa harufu, nikayafinyanga yakawa donge, nikapanda tena na kulisukuma ndani ya bomba. Niliacha nafasi kidogo pembeni ili lisishindwe kupumua. Sikuwa mjinga.

Kwenye njia tambarare lilikwenda vizuri sana, nami nikaona dawa imeanza kufanya kazi. Mzee Kiprono, aliyekuwa amerudi juu ya magunia, alikunja pua mara mbili akasema anasikia harufu ya dawa ya kifua. Nikaficha mikono chini ya sweta. Tulipoanza kupanda, Baba alishuka gia moja, kisha nyingine. Injini ikavuta kwa nguvu, na nadhani hapo ndipo donge langu lilipovutwa mpaka kwenye kona ya bomba na kukaa sawasawa. Lori likakohoa. Likatoa moshi mweusi. Likatetemeka kutoka mbele mpaka nyuma, na katikati ya kilima likafa.

Baba alishuka akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kibiriti naye akashuka, akawasha njiti ya kibiriti, akaizima bila kuipeleka kwenye kiko. Mzee Kiprono hakusema kitu, lakini alikaa kwa namna ya mtu anayesema. Baba akafungua waya, akaingiza mkono ndani ya bomba kwa upande wa chini, na akatoa konzi ya majani.

Nilikuwa namtazama kutoka juu. Aliyanusa. Akayatandaza kwenye kiganja na kuyapindua kwa kidole, majani yaliyopondwa na kufinyangwa, na hakuna mti duniani unaoangusha majani ya namna hiyo. Halafu akainua macho akaniona. Mikono yangu ilikuwa ya kijani mpaka kwenye kucha. Akafunga kiganja upesi, akaisukuma ile konzi mfukoni.

"Ni majani ya miti, Bwana," akamwambia Kibiriti. "Yameanguka ndani."

Kibiriti akaitazama ile mikalitusi iliyojipanga mstari kando ya njia, kisha bomba lililoachama chini yake. Akasema basi, kama pua ya juu inakula majani, hii kazi ni bure. Lori litauzwa. Baba akavua kofia yake, akasema ndiyo, Bwana.

Ndiyo Bwana tu. Hakujitetea hata kwa neno moja, mtu aliyepima siagi kwenye makopo matatu.

Lazima niseme kitu ambacho mimi wakati ule sikukifikiria hata kidogo. Kwenye shamba la jirani, miezi michache nyuma, sukari ilikutwa ndani ya tangi la trekta. Siku zile za hali ya hatari mtu aliyeharibu mashine ya Mzungu hakuulizwa kama alikosea. Gari la polisi lilikuja, dereva wa trekta akachukuliwa, mkewe akapelekwa kwingine, nyumba ikafungwa, na watoto wakagawanywa kwa jamaa ambao sisi hata hatukuwajua. Nilicheza na mmoja wao. Sikumwona tena, na hata nyumbani jina lake liliacha kutajwa. Mimi niliyajua hayo yote, lakini niliyaweka mahali pake, huko kwenye habari za sukari. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa mafua.

Nikasimama juu ya magunia, nikasema, "Bwana, ni mimi. Niliweka dawa."

Baba aliniambia nikae chini. Aliisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo sana. Sikukaa.

"Lori inavuta hewa baridi," nikasema. "Itapata mafua. Ndio nikaweka majani, ile Mama anatuwekea. Hayakuanguka, niliweka. Usiuze."

Kibiriti aliondoa kiko mdomoni. Akanitazama, akatazama mikono yangu, akamtazama Baba, na Baba alikuwa ameiminya kofia yake kama anakamua nguo. Hata Mzee Kiprono aliusahau ugoro wake.

"Nani nasema hewa baridi naleta mafua?" Kibiriti akauliza.

"Mama."

Polepole mkono wa Kibiriti ukapanda shingoni, ukaishika ile skafu nyekundu, ukaivuta kidogo kana kwamba inambana.

"Memsahibu pia nasema hivyo," alisema mwishowe, akimtaja mkewe, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Kila siku." Kisha akamgeukia Baba. "Safisha hiyo kitu. Washa."

Baba alilisafisha bomba kwa fimbo, akapiga hendeli mara mbili, na lori likaitika. Tukapanda. Sijui niwaelezeje jinsi lilivyopanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye njia, hewa ilikuwa ya kuuma meno, na kadiri baridi ilivyozidi ndivyo injini ilivyozidi kuimba, gia ya pili, kona baada ya kona, mbolea yote ikiwa mgongoni. Halikukohoa hata mara moja. Nilikaa nyuma ya lile bomba nimefunika pua yangu kwa kiganja cha kijani, nimefurahi na nimechanganyikiwa, kwa sababu kama lori lilikuwa sahihi, basi Mama alikuwa na maswali ya kujibu. Karibu na geti Mzee Kiprono alinisogelea na kusema kwamba amelifikiria lile jambo upya. Ile si pembe, alisema. Ile ni pua ndefu tu.

Nyumbani nilingoja fimbo. Baba alimwambia Mama kwamba lori limefika na halitauzwa, akala, akalala. Jumamosi nilingoja tena. Jumapili nilikuwa nimechoka kungoja hata nikatamani nichapwe tu niendelee na maisha yangu. Hakuna aliyesema kitu.

Jumatatu Baba alinikalisha mbele pamoja naye. Tuliteremka, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye usukani, naye akiitazama njia kuliko ilivyohitaji kutazamwa. Mwishowe nikamwuliza lile lililokuwa limenikaa kooni. Alijua kwamba majani yale hayakuangushwa na miti, alikuwa ameyaona, na lori lilikuwa linauzwa mbele ya macho yake. Kwa nini hakumwambia Bwana?

"Lori ningepata lingine," akasema. "Na nisipopata, maksai wako. Wewe ningekupata wapi?"

Nikalifikiria swali hilo. Niliona amekuwa na wasiwasi bure, na kwamba watu wazima wakati mwingine wanahitaji kuambiwa mambo yaliyo wazi. Nikamwekea mkono gotini, nikamwambia asijali, mimi sipotei, saa zote angenipata pale pale kwa shangazi.